Lori la Kale na Motokaa ya Umeme

Mtu akitoka viwanja vya Mnazi Mmoja, akavuka Mtaa wa Lumumba na kushika njia ya Gerezani, kwenye maduka ya spea, hatakosa kukuta baraza la wapenda malori ya kale. Ni mafundi, madereva wastaafu na wenye mali, ambao hulitaja Bedford au Leyland kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu baba yake. Mapenzi hayo si aibu. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, na Zambia ikakatikiwa na njia yake ya mafuta, ni malori yaliyopakia mapipa Dar es Salaam na kuyafikisha huko kwa barabara ya vumbi na matope; na madereva wengine hawakurudi. Anayeyacheka malori hayo anacheka asichokijua.

Aibu iko kwingine. Iko katika dharau ambayo wajuzi hao humwagia motokaa ya umeme, na ile ya mseto yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kabla hawajafungua boneti yake. Husema ni mchezo wa watoto uliozuka juzi. Kwamba umeme wenyewe hukatika. Na kwamba hakuna fundi wa kuitengeneza.

Hiyo ya kwanza ni ujinga mtupu, na haistahili maneno mengi. Motokaa ya kwanza duniani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa ilikuwa ya umeme. Aliiendesha Mbelgiji Camille Jenatzy nchini Ufaransa mwaka 1899. Wakati huo mwenye gari la petroli alikuwa bado akizungusha hendeli kwa mkono, na hendeli ikimrudi humvunja mfupa. Aliyemwokoa alikuwa mota ya umeme: stata, iliyofungwa katika Cadillac za 1912. Hata Kariakoo yenyewe ina jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na lori ndilo lililokuja kuuondoa mzigo kichwani mwa mpagazi. Lori nalo lilikuwa geni siku hiyo.

Hoja ya pili ina uzito. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haukuwa ndoto, na bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115 na kuanza kuzalisha 2024, haliwezi kuzuia nguzo kuanguka mtaani. Lakini je, dizeli huchimbwa Gerezani? Huja kwa meli, na bei yake hutangazwa upya na EWURA kila mwezi. Wazee wa baraza wanazikumbuka Jumapili ambazo magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani kwa uhaba wa mafuta. Na tangu 2024 treni ya umeme huenda Dodoma kutoka jijini humohumo.

Ni kweli kwamba safari ndefu ya mzigo mzito, mathalani ya Lubumbashi, bado ni ya dizeli, kwa kuwa betri ya kuitosha hula uzito wa shehena. Hapo waachiwe ushindi wao, ingawa dereva aliyewahi kuuteremka mlima Kitonga huku breki zikinuka moshi angependa kusikia kwamba mota ya umeme hulishika gari kwenye mteremko na kuurudisha mwendo huo betrini.

Hoja ya tatu ndiyo yenye madhara, kwa kuwa inasemwa na fundi dhidi ya nafsi yake. Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili ina vipande 28, kila kimoja cha volti 7.2. Ikichoka, mara nyingi ni vipande vichache vilivyokufa. Fundi huvipima kimoja kimoja, akaondoa kibovu na kutia kizima. Kazi hiyo ina tofauti gani na kuipima nozeli ya lori? Ni ufundi uleule wa Gerezani: subira, sikio, mkono na kukataa kutupa kitu kinachotengenezeka.

Lililopasa kupigiwa kelele barazani ni vyombo vya kupimia, programu zinazofungwa na watengenezaji ili fundi wa mtaani asiingie, mafunzo ya VETA, na vitabu vya kazi hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wenye sauti ya kuyadai hayo ni haohao wazee, maana husikilizwa. Badala yake wanacheka, na motokaa za mseto zinaendelea kushuka bandarini kutoka Japani. Vipande 28 vikiungana hupata volti 201.6, nazo huua. Kijana atakayeifungua betri hiyo kwa spana ya Bedford, bila glavu za mpira na bila kuchomoa kwanza plagi ya usalama, atakuwa ameambiwa na mwalimu wake kwamba ni mchezo wa watoto.