Shughuli za darasani zahitaji lugha ya mtoto

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii hutajwa sana katika hotuba za siku ya wazazi, ila ni nadra msemaji kuuliza samaki huyo hukunjwa kwa lugha gani. Swali hilo lilinijia nilipozuru shule moja ya msingi karibu na Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, mahali ambapo barabara hukomea ziwani na mpaka wa Tanzania u karibu.

Nilikaribishwa katika Gredi ya 3, kipindi cha Shughuli za Hisabati. Mwalimu alikuwa amejitayarisha barabara. Kila kikundi kilipewa chupa, vikombe na ndoo ya maji, ili wanafunzi wagundue wenyewe ni chombo kipi kichukuacho maji mengi kuliko kingine. Maelezo yote yalitolewa kwa Kiingereza. Watoto walimimina maji, wakalowa, wakacheka. Mwalimu alipouliza ni chombo gani kilichochukua maji mengi zaidi, darasa zima liliitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!"

Wakati wa mapumziko nilizungumza kwa Kidholuo na msichana mmoja wa darasa lile, ambaye nyanyake huuza omena sokoni. Alinieleza bila kusita kwamba gorogoro iliyobonyezwa kitako huchukua omena wachache kuliko gorogoro nzima, hata kama zote mbili zimejazwa pomoni, na kwamba mnunuzi mwerevu hukagua kitako kabla ya kuuliza bei. Naam, hilo ndilo somo lile lile lililotushinda darasani muda mfupi uliotangulia. Maarifa alikuwa nayo tele. Hakuwa na lugha ya kuyatolea mbele ya mwalimu wake.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, huyaita masomo ya madarasa ya chini "shughuli": Shughuli za Hisabati, Shughuli za Mazingira, Shughuli za Kiswahili. Siupingi msingi wake. Ni kweli kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, na waliolelewa katika enzi ya kukariri wanajua hasara yake. Hata hivyo, kumimina maji hakumfunzi mtoto ujazo, kama vile kupiga kasia hakumfunzi mtu ramani ya ziwa. Dhana huzaliwa pale mtoto anapolinganisha, anapobishana na mwenzake, anapoulizwa "kwa nini" naye akajibu. Yote hayo hutendwa kwa lugha. Shughuli isiyo na mazungumzo ni mchezo tu, tena mchezo wenye gharama kwa mzazi anayetakiwa kununua karatasi za manila kila juma.

Kinaya ni kwamba sera yetu imelijua jambo hili kwa miaka mingi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikageuza mkondo, ikapendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtaala wa sasa umeushika msimamo huo hadi Gredi ya 3. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Kwenye karatasi hatuna upungufu. Upungufu umo darasani.

Sababu si ngumu kuzipata. Mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi humpima mwalimu kwa Kiingereza cha mwanawe. Aidha, walimu wetu, kama mimi, wengi walikulia katika shule ambamo aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kidude shingoni hadi amnase mwenzake. Nilikivaa kidude hicho nikiwa darasa la tatu, kosa langu likiwa kuomba kifutio kwa Kidholuo. Mtu aliyefunzwa hivyo kuionea haya lugha yake hawezi kuigeuza kuwa chombo cha kufundishia kwa sababu tu waraka umemwamuru.

Laiti angejua utajiri ulio mlangoni pake! Tazama hesabu ya Kidholuo. Tano ni abich, sita ni auchiel, saba ni abiriyo. Ndani ya auchiel mtoto husikia achiel, yaani moja. Ndani ya abiriyo husikia ariyo, yaani mbili. Lugha yenyewe inamwambia kwamba sita ni tano na moja, na saba ni tano na mbili. Ni mkono mmoja uliojaa na vidole vya mkono wa pili. Kujumlisha kumo katika maneno, bila chati wala mashine.

Tazama pia wingi wa nomino. Jiwe ni kidi, mawe ni kite. Mlima ni got, milima ni gode. Katika jozi ya kwanza sauti d imegeuka t; katika ya pili t imegeuka d. Wape watoto wa Gredi ya 3 maneno kama hayo, uwaache waitafute kanuni. Huo ni utafiti wa kisayansi, nami huwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi.

Na ziwa je? Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapong'aa wavuvi hupumzika. Kwa nini taa hushindwa na mbalamwezi? Mtoto wa Muhuru anaweza kulijadili swali hilo kipindi kizima, mradi aulizwe kwa lugha anayoiota.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba wenyeji hawasemi lugha moja. Ni kweli. Muhuru ni nchi ya Wasuba pia, na lugha yao, Olusuba, imemezwa na Kidholuo kiasi kwamba wajukuu wengi hawaisemi. Sokoni kuna wageni waliofuata samaki. Hata hivyo, palipo na mchanganyiko kama huo, Kiswahili kiko karibu. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rorya, watoto wa Kijaluo husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Nao babu na nyanya wa Kisuba waitwe darasani wawape watoto majina ya samaki na upepo kabla hayajazikwa pamoja nao.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiingereza kitaharibika. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulioanza mwaka 1970 uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe. Mtoto mwenye dhana huitafutia jina jipya upesi. Asiye na dhana hubaki na jina tupu.

Sidai tuige majirani kila kitu. Tanzania nayo ina mwamba wake, kwani wanafunzi wa shule hizo hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia ghafla wanapoingia sekondari. Sisi mwamba wetu uko Gredi ya 4. Dawa ni ngazi: lugha mbili zishikane mikono tangu Gredi ya 3 hadi ya 5, maelezo magumu yatolewe kwa lugha inayoeleweka, kisha istilahi za Kiingereza zifuate.

Tume ya Kuajiri Walimu na iangalie lugha ya mwalimu inapompeleka madarasa ya chini. Vyuo vya ualimu vimwonyeshe namna ya kufundisha hisabati na mazingira kwa lugha hizo. Na mkaguzi anapoingia darasani, asihesabu chati ukutani. Ahesabu ni mara ngapi mtoto alitoa sentensi yake mwenyewe.

Mtoto asiyeelewa darasani ana pa kwenda Muhuru. Ufuo u karibu, na mikono midogo hupata kazi ya kuanika omena. Nilipoondoka, msichana yule alikuwa amerejea darasani, akiinakili ubaoni tafsiri ya ujazo kwa mwandiko safi. Nilimuuliza imesema nini. Akatabasamu, akainamisha kichwa, akanyamaza.