Boti mbili hazikuteka ziwa

Ukitaka kumkera mtu anayeijua historia ya bonde la Ruzizi, mwambie kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa Ziwa Tanganyika na boti mbili za Waingereza. Hadithi hiyo imeenea vitabuni na midomoni mwa waongoza watalii, na filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 ikaitia chumvi mpaka watu wakaichukua kuwa historia. Mimi na Toutou, boti zenye majina ya kuchekesha, zimepewa sifa za jeshi zima. Luvungi, ndani ya bonde hilo la Ruzizi, hakuna anayeitaja, ingawa kila gari linalotoka Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 linapita hapo.

Boti zilikuwepo, na kazi zilifanya. Ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Geoffrey Spicer-Simson, na mabaharia wake walizisafirisha kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga, kisha zikakokotwa kwa mashine za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. (Wanaoisifu safari hiyo hawaulizi nani aliyekata miti na kujenga madaraja zaidi ya mia moja njiani. Si mabaharia.) Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikasaidia kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Wasimulizi wengi hufunga kitabu hapo.

Wanakifunga mapema mno. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 hivi, ilikuwa bado inaelea, na Spicer-Simson alikataa kupambana nayo. Juni 1916 ndege za Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Kongo, ziliangusha mabomu Kigoma, meli ikabaki. Wakati huo mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshang'olewa ukatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga bandia wa mbao. Hata huo wa mbao ulitosha kuwatisha watu. Tarehe 26 Julai 1916 Götzen ilizama kweli, lakini waliotoboa njia ya maji kuingia ni Wajerumani wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi ili waje waifufue. Walikuwa wanakimbia nini? Walikuwa wanakimbia watu wanaokuja kwa miguu.

Watu hao walitokea kaskazini. Vita vilipoanza, katikati ya Agosti 1914, Wajerumani walishambulia Mokolobu kwenye ufuko wa Kongo, wakaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Septemba wakateka kisiwa cha Idjwi. Toka hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, mto Ruzizi ukawa mstari wa vita, askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, upande wa Kongo, askari wa Kijerumani ng'ambo, Waafrika kwa Waafrika. Septemba 1915 Wajerumani walivuka wakaishambulia Luvungi, wakarudishwa. Laiti Luvungi ingeanguka, njia ya kuteremka Uvira ingekuwa wazi, na boti za Spicer-Simson, ambazo zilikuwa bado hazijafika ziwani, zingekuta mambo mengine kabisa.

Askari aliyeishikilia ngome ya namna hiyo alikuwa mtu wa fezi nyekundu, miguu mitupu, aliyeandikishwa kwa miaka saba, mara nyingi kwa sababu chifu alitakiwa kutoa watu. Wengi walianza vita na bunduki ya Albini: risasi moja, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Baruti yake ni nyeusi. Ukifyatua, moshi unapanda juu ya kichwa chako, na adui aliye ng'ambo anajua pa kulenga. Askari huyo akikosea amri, anachapwa fimbo. Hayo hayakuonekana kwenye filamu.

Nyuma yake kulikuwa na wapagazi. Idadi inayotajwa kwa kampeni nzima ya Wabelgiji ni kama 260,000, wengi kuliko askari wenyewe mara nyingi. Walibeba risasi, unga na vipande vya mizinga kwenye milima ya baridi ambayo wengi hawakuizoea, na kuhara damu kuliwamaliza zaidi kuliko risasi.

Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji likavuka mpaka. Brigedi ya kusini, chini ya Mdenmaki Frederik Olsen, iliingia Usumbura tarehe 6 Juni, Kitega tarehe 17, ikashuka hadi Kigoma na kuichukua tarehe 28 Julai, siku mbili baada ya Götzen kuzamishwa. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka. Kamanda wa kampeni hiyo, Jenerali Tombeur, akaja kupewa ubaroni wenye jina la Tabora.

Tuzo nyingine zilipatikana kwenye meza ya mazungumzo. Mwaka 1919 Waingereza walikubali Ubelgiji ibaki na Ruanda na Urundi, na mwaka 1921 ikapewa gati zake Kigoma na Dar es Salaam, zile zilizoitwa Belbase, ambako bidhaa za Kongo zilipita kwa miongo mingi. Wabelgiji waliyapata hayo yote kwa sababu jeshi lao lilikuwa limekalia Tabora. Mimi na Toutou zisingeweza kuwafikisha huko, kwani Tabora hakuna ziwa.