Noah ikizima mlimani, pampu inahukumiwa kabla ya kupimwa

Kwenye barabara ya Moshi kwenda Himo na Marangu, Noah iliyozima pembeni maeneo ya Kiboriloni si habari. Abiria wanashuka, wengine wanadai nauli yao, wengine wanahamishiwa gari la nyuma. Dereva anampigia fundi. Mara nyingi fundi hajafika na jibu limeshatoka: pampu ya mafuta imekufa.

Wakati mwingine ni kweli. Shida ni kwamba pampu imekuwa mshtakiwa wa kwanza kwa kila gari linalozima lenyewe, na hukumu hiyo ina gharama. Dereva anapoteza siku nzima, mwenye gari anatoa hela ya spea, na gari linaweza kuzima tena wiki inayofuata palepale.

Chanzo kimoja kiko mbali kidogo na gereji, kwenye bei. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Kwa mikoa ya kaskazini, Kilimanjaro ikiwemo, hesabu huangalia mafuta yanayoshushwa Bandari ya Tanga. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita na Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nauli zinazopangwa na LATRA hazipandi na kushuka kila mwezi kama bei ya sheli. Pengo hilo dereva analiziba kwa njia anayoijua: anaweka mafuta ya elfu tano, anapiga tripu, anarudi kuweka mengine ya elfu tano.

Kwa bei ya shilingi 3,000, elfu tano ni kama lita moja na nusu. Tenki la Noah ya zamani, ile ya SR40, linabeba takriban lita 60. Ndiyo maana kuna magari yanayotembea mwezi hadi mwezi taa ya mafuta ikiwaka, na dereva ameshaizoea.

Sasa, pampu ya gari la aina hii ni mota ya umeme iliyozamishwa ndani ya tenki. Haina feni wala maji ya kuipooza. Inapoozwa na petroli yenyewe, ile inayoizunguka na ile inayopita katikati yake. Tena pampu husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, lita 80 au zaidi kwa saa, na yanayobaki hurudi kwenye tenki yakiwa yamepata joto la injini. Tenki likiwa na lita 40, joto hilo linapotea. Likiwa na lita tatu, mafuta yaleyale yanazungushwa tena na tena, yanazidi kuchemka, na pampu inachemka nayo.

Mlima unaongeza shida. Gari likiinua pua kuelekea Marangu, au likipanda kutoka Kiboriloni kwenda Kikarara na Kidia, mafuta kidogo yaliyopo yanakimbilia upande mmoja wa tenki. Pampu inavuta hewa. Injini inakohoa, inazima, na likirudishwa kwenye tambarare linawaka kama halikuwa na kitu. Hapo hakuna kilichoharibika bado, ila kila tukio la namna hiyo linaila pampu kidogo kidogo.

Mwenye bodaboda anaweza kushangaa habari hizi. Boxer nyingi zilizoko barabarani zinatumia kabureta, tenki liko juu na mafuta yanashuka yenyewe, hakuna pampu ya kuua. Pikipiki za magurudumu manne, zile za kupandisha watalii, ziko za namna mbili. Nyingi za kabureta zina pampu ndogo inayoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini kupitia mpira mwembamba. Mpira ukipasuka, pampu inasimama ingawa yenyewe ni nzima. Za kisasa zina pampu ya umeme ndani ya tenki, na kwa hizo tatizo la kutembea na tenki tupu ni lilelile la Noah.

Ukiuliza kijiweni, sababu inayotajwa kwa haraka ni mafuta ya kuchakachua. Haikosi msingi. Kabla ya mwaka 2011 mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana, na kuyachanganya kwenye dizeli na petroli ilikuwa biashara. Uwekaji wa vinasaba ulianza 2010, kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya mchezo huo ikapungua. Lakini kinasaba kinasaidia kujua kama mafuta yamekwepa kodi au yamechanganywa. Hakizuii maji wala mchanga kuingia kwenye chupa ya petroli inayouzwa kibandani huko vijijini. Uchafu huo unaziba soksi, kile kichujio kidogo kilichovalishwa mdomoni mwa pampu, na soksi ikiziba dalili ni zilezile za pampu iliyochoka: gari linakosa nguvu kwenye mlima, linasitasita, mwisho linazima.

Hapo ndipo kupima kunapokuwa na maana. Fundi makini anaanza na fyuzi na rilei, vitu vya dakika tano. Anafuata umeme unaofika kwenye pampu yenyewe. Betri ikiwa na volti 12 na pampuni zinafika 9, kosa liko kwenye waya au kwenye ethi yenye kutu. Pampu mpya ikifungwa hapo nayo itakuwa dhaifu vilevile.

Kuna kosa moja linaloua pampu nyingi zisizo na hatia. Mafundi wengi hufungua swichi na kutega sikio kwenye tenki. Wakikosa mlio, wanasema pampu imekufa. Kwa magari mengi ya kisasa kipimo hicho kinafaa, maana pampu hulia sekunde mbili hivi swichi inapofunguliwa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo, pampu husubiri hadi stata izunguke. Ukimya wake ni wa kawaida kabisa. Nyingi zina kiboksi cha uchunguzi karibu na injini chenye matundu yaliyoandikwa FP na +B. Fundi akiyaunganisha kwa kipande cha waya, swichi ikiwa wazi, pampu inatakiwa kulia.

Na kulia peke yake hakutoshi. Injini ya 3S-FE inataka presha ya psi 38 hadi 44, mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umetolewa. Presha ikiwa chini, fundi anabana kidogo mpira unaorudisha mafuta kwenye tenki. Ikipanda vizuri, pampu iko sawa na wa kushukiwa ni regyuleta. Isipopanda, zinabaki filta, soksi na pampu yenyewe. Noah za baadaye zenye injini ya D-4 zina pampu ya pili, ya presha kubwa, juu ya injini, na kubadilisha ya kwenye tenki wakati mbovu ni hii ya juu ni kutupa hela.

Kazi yote hiyo inahitaji geji ya presha na mita ya umeme, pamoja na akili ya kuchomoa betri na kukataza sigara kabla ya kufungua tenki. Geji ndicho kifaa ambacho gereji nyingi za chini ya mti hazina. VETA, yenye chuo chake Moshi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji. Kama kutumia geji kungekuwa sehemu ya kipimo hicho, ingesaidia zaidi ya cheti cha kutundika ukutani.

Spea nayo ni bahati nasibu. Soko la Kiboriloni wengi wanalijua kwa nguo za mitumba, na nguo ya mtumba unaikunjua, unaiangalia mshono, unaamua. Pampu ya mtumba haina mshono wa kuangalia. Inaweza kulia vizuri juu ya meza na kukosa presha ikianza kusukuma mafuta mlimani.

Lakini hata pampu bora haitadumu kama mpango wa gari utabaki ulivyo. Kwenye makubaliano mengi, ambayo ni ya mdomo tu, mafuta ni juu ya dereva na spea kubwa ni juu ya mwenye gari. Dereva akitembea na tenki tupu anabana matumizi yake, na bili ya pampu inakwenda kwa mwingine. Mwenye gari naye anataka hesabu kamili kila jioni, haulizi mshale wa mafuta umelala wapi. Wenye magari wangeweza kuanza na sharti dogo: gari linakabidhiwa asubuhi likiwa na robo tenki, na jioni linarudishwa na robo tenki. Robo ya kwanza anaiweka mwenye gari.