Obo ya mtoto inapolia kama kunguru

Binti wa darasa la sita alirudi nyumbani na kisanduku cheusi mkononi, amepewa obo na mwalimu wa bendi. Wiki ya tatu alikisukumia kisanduku chini ya kitanda. "Mama, wenzangu wote wanajua, mimi tu ndiye sijui. Naacha."

Kilio hiki kinazikuta familia nyingi Marekani, zikiwamo zile zinazozungumza Kiswahili nyumbani, maana huko shule nyingi huwaingiza watoto kwenye bendi wakiwa darasa la tano au la sita. Mzazi ambaye hajawahi kushika obo huona mtoto hana kipaji. Mara nyingi tatizo ni kitabu.

Vitabu vya bendi hupangwa ili tarumbeta na klarineti zianze na noti zilizo rahisi kwao. Noti hizo hizo kwenye obo ni mtihani. Moja inataka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kifunue nusu tu ya tundu, nyingine inataka kidole cha kati cha mkono wa kulia kinyanyuke huku jirani zake wakibaki chini. Obo ina mlango wake: kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, yaani si, la, sol. Mwalimu anayelijua hilo humpa mtoto wiki chache za kuanzia hapo kabla ya kumchanganya na wenzake. Mzazi, muulize mwalimu kama nafasi hiyo ipo. Ni swali la heshima, wala humfundishi kazi yake.

Halafu kuna mwanzi. Obo hupulizwa kupitia vipande viwili vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, ndugu kabisa wa zumari ya pwani. Mwanzi mkavu hausemi, lazima ulowekwe majini dakika chache. Ukipasuka ncha, hata fundi hapati noti safi. Mmoja unaweza kufika dola 15 au zaidi, na hauishi muda mrefu. Hapo wazazi hununa, na si bure. Lakini mtoto anayelazimishwa mwanzi uliokufa hujifunza kuubana kwa nguvu, na kuiondoa tabia hiyo baadaye ni kazi kubwa kuliko bei ya mwanzi.

Mazoezi ya kwanza hufanywa na mwanzi peke yake. Midomo hukunjwa kidogo kufunika meno, kisha mtoto hupuliza mpaka utoke mlio kama wa kunguru. Nyumba nzima itaziba masikio. Mlio huo ndio unaotafutwa, kwa hiyo usimcheke.

Pumzi nayo inashangaza. Tundu la mwanzi ni dogo sana, hewa inatoka kidogo kidogo. Mtoto haishiwi hewa; anabaki na hewa iliyochoka kifuani, anaongeza nyingine juu yake, kichwa kinamzunguka. Hufundishwa kutoa pumzi kwanza, ndipo avute mpya. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha mwanzoni, kwani midomo huchoka mapema.

Obo nyingi za wanafunzi ni za plastiki, na hilo lisikusikitishe, maana za mbao hupasuka kirahisi kwenye baridi. Zile za wakubwa huchongwa kwa mpingo, mti unaovunwa Kilwa na Lindi. Mzazi aliyetoka Tanzania ana la kumsimulia mwanawe hapo.

Mama wa yule binti alimwandikia mwalimu. Kumbe mwanzi ulikuwa umepasuka ncha tangu wiki ya kwanza, hakuna aliyeuangalia. Ulipobadilishwa, si ilitoka jioni ile ile, na la siku mbili baadaye. Re, ile ya nusu tundu, bado inamtoa jasho.