Laini ya Simu Inavuka, Fundi wa Simu Havuki

Wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu programu. Mliokuja kusoma jinsi ya kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu, subirini wiki ijayo. Leo nina ugomvi na maneno mawili ya kisheria: "asiye raia".

Mwezi wa Agosti 2025 nilisafiri na rafiki yangu kutoka hapa Masii hadi Arusha, siku tatu kwenda na kurudi. Rafiki yangu ni fundi wa simu. Si fundi wa kubadilisha kioo tu na kukutoza. Huyu hufungua simu iliyokufa, akaitazama bodi yake kwa darubini, akagusa hapa na pale kwa kifaa cha kulehemu, na simu ikaamka. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiandikiana na fundi mwenzake wa Arusha. Walikutana mtandaoni, mmoja alipoomba mchoro wa bodi na mwingine akawa nao. Tangu hapo hutumiana picha za simu zilizowashinda, kama vile madaktari wanavyotumiana picha za mifupa.

Mpango wao ulikuwa mdogo. Fundi wa Masii akae kwenye kibanda cha Arusha miezi miwili hivi, afanye kazi, alipwe, na wakati huo huo afundishane na mwenzake. Mwaka unaofuata, wa Arusha aje Masii. Ndipo mwishoni mwa Julai serikali ya Tanzania ikatoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Biashara ya rejareja imo. Kutuma pesa kwa simu imo. Saluni imo. Na kutengeneza simu imo, imetajwa kabisa. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo cha hadi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: milioni 5 au miezi 3.

Tulikwenda hata hivyo, kutembea tu. Probox yetu iliondoka Masii alfajiri, tukashuka Machakos, tukaingia barabara ya Mombasa, kisha Athi River, Kitengela, Kajiado, na baada ya Bissil nyika ikatanda hadi Namanga. Pale Namanga hatukusumbuliwa na mtu, naomba hilo lieleweke. Tangu Desemba 2018, Uhuru Kenyatta na John Magufuli walipokizindua rasmi kituo cha pamoja, unashughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Ni kazi nzuri. Ugomvi wangu uko juu zaidi ya paa hilo.

Tazama vitu vilivyovuka pamoja nasi. Bima ya gari ilivuka: tulikuwa na kadi ya manjano ya COMESA, na Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Pesa zilivuka: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, na tangu 2015 mteja wa Safaricom anaweza kumtumia mteja wa Vodacom Tanzania moja kwa moja. Hata saa ilivuka. Wenzangu wa kompyuta mnaijua ile hifadhidata ya majira ya dunia ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea. Humo ndani Dar es Salaam haina saa yake. Ni kiungo kinachoelekeza Nairobi. (Wakenya msishangilie, ni mpangilio tu wa mafaili.)

Na laini ya simu? Hiyo ilivuka zamani. Septemba 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyetoka Nairobi akifika Arusha alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bila kulipa, na akiishiwa alinunua kadi ya pale pale dukani. Waliofanya hivyo hawakuwa wazalendo wa Afrika Mashariki. Walikuwa wafanyabiashara waliokaa chini wakajiuliza: huyu mteja aliyetoka nchi jirani ni mgeni kama yule aliyetoka Norway? Wakajibu hapana, wakaandika mfumo wao ipasavyo.

Hapa ndipo ninapoisoma amri ile kama mtu wa programu. Ina sehemu moja yenye majibu mawili: raia, au asiye raia. Hakuna jibu la tatu. Mchuuzi aliyetoka Guangzhou na mtaji wa makontena, na fundi wa Masii mwenye darubini moja kwenye begi, wote wanaingia kwenye kisanduku kimoja. Lakini jibu la tatu lipo, na Tanzania yenyewe ilisaini kwamba lipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Inazungumzia haki ya mfanyakazi kuvuka na haki ya mtu kuanzisha shughuli yake katika nchi mwanachama. Anayeshikilia haki hizo anaitwa raia wa nchi mwanachama. Huyo si raia wa Tanzania, sawa. Lakini si "asiye raia" kama mtu yeyote wa dunia.

Mtaniambia kila nchi iliweka masharti na ratiba zake. Najua. Mtaniambia pia wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelia muda mrefu kuhusu wageni wanaoleta mzigo kutoka nje na kuuuza wenyewe rejareja hadi senti ya mwisho. Nao nawaelewa. Machinga anayeshindana na mtu mwenye kiwanda nyuma yake ana haki ya kulalamika. Basi andikeni sheria ya makontena! Pimeni mtaji, pimeni mzigo, pimeni kodi. Kumfungia fundi wa simu kwa sababu ya mwenye makontena ni sawa na kuzima mtandao wa ofisi nzima kwa sababu kompyuta moja ina virusi.

Na uchungu zaidi ni tarehe. Siku chache baada ya amri, Agosti 2, mashindano ya CHAN yalifunguliwa Dar es Salaam. Wenyeji walikuwa Tanzania, Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 tulipewa sisi hao hao watatu kwa ombi lililoitwa Pamoja. Tulipokuwa Arusha kila hoteli ilikuwa na televisheni iliyoonyesha mpira. Pamoja kwenye uwanja, peke yako kwenye kibanda.

Fundi wa Arusha alitupokea vizuri mno. Chai, chapati, kisha kiti cha wageni, upande wa nje wa meza. Mezani kulikuwa na simu iliyozama majini, na rafiki yangu aliitazama kama paka anavyotazama samaki.

"Kaka, usiiguse," mwenyeji akasema, akicheka nusu. "Wewe niambie tu, mimi nitashika."

Basi wakafanya hivyo karibu saa nzima. Mmoja anaelekeza, mwingine anashika. Simu iliwaka. Sijui sheria inamwitaje aliyeitengeneza.

Wakenya wenzangu, msinipigie makofi mapema. Machi 2021 sisi ndio tuliozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mipakani, na baada ya siku chache tukageuka na kuyaruhusu kwa masharti. Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alitishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa kigeni sokoni, Watanzania wakiwamo. Serikali ikajitenga naye, akakamatwa, lakini waliomshangilia hawakuwa wachache. Na Tanzania nayo ilichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale pale Namanga mwaka 2017. Ukitaka kuhesabu makosa ya jirani hutakosa, na jirani naye ana daftari lake. Mpaka huu ulishafungwa kabisa kuanzia 1977 hadi 1983, na sijui ni nani aliyetajirika kwa kufungwa huko.

Sisi wa huku tuna sababu ya pekee ya kukasirika. Ukitoka Masii ukielekea Kitui, mwendo mfupi unafika Wamunyu, kijiji cha wachongaji. Uchongaji ule wa biashara ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Vinyago vya Wakamba vinavyouzwa kwa watalii vilitoka huko. Watoto wangapi wa Ukambani wamelipiwa karo na ujuzi wa Wazaramo? Sijasikia kwamba kuna Mzaramo aliyemwambia Munge kuwa patasi ni ya wenyeji.

Ninachodai ni kidogo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana watu wao wavuke kwa kitambulisho tangu 2014. Tanzania ikabaki nje ya mpango huo. Hilo naliacha, pasipoti tunazo. Kibali cha kazi pia sikipingi, mtu aombe, alipe, aandikishwe. Nataka kifungu kimoja kiongezwe kwenye amri ile: kwamba raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya, anayefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe na mwenye kibali, hahesabiwi humo. Na Kenya iandike kifungu hicho hicho kwenye sheria zake, ili fundi wa Arusha akija Masii asikalishwe upande wa nje wa meza. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, si mbali na kibanda kile. Mawaziri wakienda mkutanoni wanaweza kupita na simu zao zilizovunjika.

Mlio Arusha, Longido na Moshi, nijibuni. Matusi ya Kenya na Tanzania pelekeni kwenye mpira.