Anayemlisha mbwa ndiye mwenyewe, hata akimkana

Alfajiri moja mvulana wa miaka saba alitoka kwao, katika bula moja ya mji huu wa Garissa, akaelekea duksi. Mkononi alishika ubao wake wa kuandikia aya. Alipopita nyuma ya bucha, mbwa watatu walimrukia. Alijikinga kwa ubao kadiri alivyoweza, lakini mmoja alimng'ata mkono na mwingine akamshika paja. Waliomwokoa ni wazee waliokuwa wakitoka msikitini.

Mama yake alipomleta kwangu, tulianza kuosha majeraha papo hapo. Huku tukiosha, nilimuuliza swali ambalo lilimshangaza: "Mbwa hao ni wa nani?" Hakujua. Mwenye bucha alipoulizwa alisema kwamba yeye huwatupia mifupa tu, si wake. Mlinzi wa ghala la jirani alisema kwamba hulala mlangoni pake usiku na kumsaidia kulinda, lakini si wake. Kabla ya adhuhuri vijana walikuwa wamempiga mbwa mmoja hadi akafa na kumtupa lagani. Hakuna aliyeweza kusema kama huyo ndiye aliyeuma.

Huenda unajiuliza kwa nini daktari wa watu amtafute mwenye mbwa. Sababu ni hii. Mbwa mwenye virusi vya kichaa katika mate yake hawi na siku nyingi za kuishi. Akichungwa kwa siku 10 baada ya kuuma na akabaki mzima, basi hakuwa na virusi hivyo mateni siku ile. Kwa hivyo mwenyewe akijitokeza, akatuonyesha cheti cha chanjo na kumfunga mbwa wake aangaliwe na daktari wa mifugo, tunaanza kumdunga mgonjwa sindano na baadaye tunaweza kuzisimamisha. Asipojitokeza, au mbwa akiuawa na kutupwa, hatuna budi kumhesabu mbwa huyo kuwa mgonjwa.

Mtoto yule alidungwa sindano zote. Kituo cha kwanza alikopelekwa kilikuwa kimeishiwa na chanjo, na mama yake aliuza mbuzi wawili ili apate pesa za dawa na nauli. Aliyelipa ni yeye, si yule aliyetupa mifupa wala yule aliyelindiwa ghala. Hilo ndilo jambo linaloniudhi, na ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

Ugonjwa usio na tiba

Mvulana huyo yu hai. Mchunga ngamia mmoja niliyemwona miaka michache kabla yake hakubahatika hivyo. Alikuwa ameumwa na mbwa wa boma lao wenyewe, yapata miezi miwili kabla. Jeraha lilichomwa kwa chuma cha moto, likapona vizuri, na watu wakalisahau. Alipoletwa kwetu alilalamika kwamba mkono ulioumwa unamwasha na kumchoma kama sindano. Alikuwa na kiu kali, lakini kila aliposogezewa kikombe cha maji koo lilimkaza, akatetemeka na kukisukuma. Akili yake ilikuja na kwenda. Ilipokuja aliwatambua watoto wake na kuwaita kwa majina. Hakumaliza wiki.

Hicho ndicho kichaa cha mbwa. Virusi huingia kupitia jeraha, vikafuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu, ingawa huweza kuwa ya siku chache au kupita mwaka. Kadiri jeraha linavyokaribia kichwa ndivyo hatari inavyozidi, na ndiyo maana watoto, ambao kimo chao huwafanya waumwe usoni na mikononi, huathirika zaidi. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kabla hazijaanza, kinga ipo na inafanya kazi. Imekuwapo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa.

Hata hivyo, inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa, si fisi wala bweha. Nchini Kenya makadirio ambayo hutajwa ni vifo 2,000 kwa mwaka. Hapa kwetu kaskazini mashariki, ambako mchungaji anaweza kuwa safari ya siku nzima kutoka kwenye zahanati, ni nani awezaye kuwahesabu wote waliozikwa bila kufikishwa kwa daktari?

"Sisi hatufugi mbwa"

Nikizungumzia jambo hili huambiwa: "Daktari, sisi ni Waislamu, hatufugi mbwa. Peleka maneno hayo Nairobi." Ni kweli kwamba wengi wetu hapa hatumwingizi mbwa nyumbani, na wafuasi wa madhehebu ya Shafi huyahesabu mate yake kuwa najisi. Lakini tusijidanganye. Nenda kwenye maboma ya wafugaji nje ya mji, au barabara ya Wajir na ya Dadaab, uone ni nani anayebweka fisi akikaribia mbuzi. Zunguka mjini usiku, kwenye maghala, viwanja vya mawe na nyumba za wafanyakazi waliotoka bara, uone ni nani anayelinda. Kisha pita kwenye machinjio na majaa ya taka asubuhi. Mbwa wapo, wanakula, na mtu ndiye anayewalisha.

Dini yenyewe haikumkataza mtu kuwa na mbwa wa kulinda mifugo au wa kuwinda. Kisa cha mbwa wa vijana wa pangoni kimo katika Sura ya Al-Kahf, na Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na kila mtoto wa duksi. Tatizo letu ni kwamba tunataka faida ya mbwa bila jina la kuwa wenye mbwa. Usiku ni mlinzi wetu, mchana ni mbwa koko asiyejulikana kwao.

Nasema hivi: anayemlisha mbwa kila siku, au anayelindwa naye, ndiye mwenyewe. Mbwa akiuma mtoto wa watu, mtu huyo ana deni.

Mfano kutoka Pemba

Wanaodhani kwamba mahali penye Waislamu wengi na mbwa wachache hapawezi kuwa na kichaa cha mbwa, watazame kisiwa cha Pemba. Mbwa huko ni wachache, lakini ugonjwa uliwafikia na kuua watu. Wenyeji na wataalamu wa mifugo waliwachanja mbwa kijiji kwa kijiji, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ukawa umetoweka. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Tunapata mafunzo mawili hapo: kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba halifanywi mara moja likasahauliwa.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuwaua mbwa wote kwa sumu. Nawaelewa wenye hasira, hasa wazazi. Lakini maadamu majaa ya taka na mabaki ya machinjio yako wazi, mbwa wengine watakuja kuchukua nafasi ya waliokufa, nao watakuwa hawajachanjwa. Isitoshe, sumu ya mbwa haichagui. Huweza kuokotwa na mbuzi, paka, au mtoto. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali, kila mwaka. Hapo virusi hukosa pa kupita.

Sheria ipo

Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Zaidi ya hayo, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, na limetaja kwa maneno wazi kutoa leseni za mbwa. Mkakati wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu ulioanza mwaka 2014 umelenga mwaka 2030. Kwa hivyo si kwamba hatuna karatasi. Kinachokosekana ni mtu wa kusema, "Mbwa huyu ni wangu," na afisa wa kuandika jina lake.

Naziomba serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziwachanje mbwa kwa mpango, kama zinavyowachanja ng'ombe na mbuzi magonjwa yanapotokea. Watu wa Garissa hawahitaji kufundishwa kwamba ugonjwa wa mnyama huua binadamu. Homa ya Bonde la Ufa ilitufundisha katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, ikarudia somo mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007. Na mfugaji asisahau kwamba kichaa cha mbwa huua pia ngamia, punda na ng'ombe. Sindano moja ya mbwa humlindia mali yake pia.

Wajibu wa mwenye mbwa

Kama una mbwa, au unalisha mbwa, fanya haya. Kwanza, mpeleke achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uhifadhi cheti. Pili, mfungulie usiku ndani ya ua wenye lango linalofungwa, si barabarani. Saa za alfajiri, watoto waendapo duksi na shuleni, awe amefungwa. Tatu, ukimtoa mchana awe na kamba mkononi mwa mtu mzima anayemmudu. Mwenye kuleta mifugo sokoni amwache mbwa bomani. Nne, usimfunge juani kutwa nzima bila maji. Kwa joto la Garissa huo ni ukatili, na mbwa anayeteswa huwa mkali zaidi. Mpe kivuli na maji. Tano, akiuma mtu usimfiche wala usimuue. Jitokeze, mfunge, mwite daktari wa mifugo, na usaidie gharama za aliyeumwa.

Wenye bucha na machinjio nao wafukie au wachome mabaki. Kila mfupa unaotupwa nje ni mwaliko.

Ukiumwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Fanya hivyo hata kama ni mkwaruzo tu, au mbwa ameramba ngozi iliyochubuka. Usilifunge kwa nguvu wala kulichoma moto. Usitie pilipili, mafuta ya taa wala dawa za miti. Baadhi ya watu hupaka udongo wakikumbuka agizo la kuosha mara saba, moja kwa udongo. Agizo hilo limekuja kuhusu chombo alichoramba mbwa. Mwulize shekhe wako, atakueleza. Udongo katika jeraha huweza kuleta pepopunda.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Utaratibu uliozoeleka ni sindano tano za mkononi: siku ya kuanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Vituo vingine hutumia ratiba fupi zaidi, basi fuata ile uliyopewa mpaka mwisho. Majeraha mabaya huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa palepale penye jeraha. Mjamzito na anayenyonyesha wasiogope, chanjo hii haiwadhuru. Hata kama siku zimepita tangu uumwe, njoo. Maadamu dalili hazijaanza, hujachelewa.

Nimalizie kwa mvulana wetu. Siku ya sindano yake ya mwisho alikuja na mlinzi wa ghala, ambaye alikuwa ameketi kimya nje. Aliniambia kwamba mbwa aliyebaki amemfunga kwa mnyororo, na akauliza achanjwe wapi. Sikumuuliza tena kama ni wake. Nilimwelekeza ofisi ya mifugo, akaondoka.

Wewe msomaji, leo jioni utakapomtupia mbwa mabaki ya chakula mlangoni pako, jiulize swali lile nililomuuliza mama yule. Mbwa huyu ni wa nani? Ikiwa jibu unalijua, kesho asubuhi mpeleke akachanjwe.