Usawa wa Elimu Upimwe kwa Mwalimu Aliyeko Darasani

Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, huzuka mazoea ya kuipanga mikoa na wilaya kwa safu, kama timu za kandanda zinavyopangwa mwisho wa msimu. Walio juu hupongezwa, walio chini hutakiwa kujieleza. Ni mara chache sana kuulizwa swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo: kila mmoja alipewa nini kabla ya kudaiwa matokeo?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mahali kama Kamsamba, kata iliyoko katika bonde la Ziwa Rukwa, wilayani Momba, Mkoa wa Songwe. Kamsamba si mahali pasipo na neema. Ardhi yake hutoa mpunga na ufuta, na tangu daraja la Mto Momba lilipokamilika, wananchi wake wamepata njia ya kudumu ya kuvuka kwenda Kilyamatundu, upande wa Mkoa wa Rukwa. Lakini ni mbali na Tunduma yenye reli, barabara kuu na benki. Mtumishi anayepangiwa huko hushuka kutoka nyanda za juu zenye baridi na kuingia katika joto la bondeni, na masika yanapokolea safari ya kupanda tena huwa ndefu kuliko inavyoonekana katika ramani.

Kwa hesabu za karatasi, mtoto wa Kamsamba hakupunjwa hata senti. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kati ya hizo, shilingi 6,000 zilikwenda shuleni moja kwa moja na shilingi 4,000 zilibaki kwa ajili ya ununuzi wa vitabu. Kwa mwanafunzi wa sekondari kiwango kilikuwa shilingi 25,000. Viwango hivyo vilikuwa sawa kwa mtoto wa Kinondoni, wa Moshi na wa Kamsamba. Mwenye kutazama jedwali hilo peke yake angeweza kusema kwamba haki imetendeka.

Lakini sehemu kubwa ya fedha ambazo Taifa linatumia katika shule zake za msingi haimo katika ruzuku hiyo. Imo katika mishahara ya walimu. Na mshahara humfuata mwalimu. Mwalimu akiwa mjini, fedha za elimu ziko mjini. Mwalimu akikosekana bondeni, fedha hizo hazikufika bondeni, hata kama ruzuku ilitumwa kwa wakati wake.

Hebu ichukuliwe shule yenye wanafunzi 600. Kwa kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inastahili walimu 13. Kwa kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwanafunzi, itapokea shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Sasa zichukuliwe shule mbili za namna hiyo: moja ina walimu wake 13, nyingine ina walimu 6. Hata mshahara wa mwalimu ukikadiriwa kwa kiwango cha chini cha shilingi 400,000 kwa mwezi, upungufu wa walimu 7 ni sawa na shilingi 33,600,000 kwa mwaka ambazo shule ya pili haikupata. Hizo ni zaidi ya mara tisa ya ruzuku yote iliyotumwa shuleni hapo. Huo ni mfano wa hesabu tu, wala haukutajwa kwa ajili ya shule fulani. Lakini kila ofisa elimu anayeijua ikama ya walimu wake anaweza kuweka tarakimu za wilaya yake mwenyewe na kuona ukweli uko wapi.

Wako wanaodhani kwamba fedha zikiongezwa tu, mambo yatanyooka. Historia ya nchi jirani haikubaliani nao. Mwaka 2007, umoja wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika wa kupima ubora wa elimu, unaojulikana kwa jina la SACMEQ, uliwapima wanafunzi wa darasa la sita. Katika kusoma, Tanzania Bara ilipata wastani wa alama 578, Kenya 543, Afrika Kusini 495 na Zambia 434. Afrika Kusini ilikuwa ikitumia fedha nyingi mara kadhaa kwa kila mwanafunzi kuliko Tanzania, na bado iliachwa nyuma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hayo yalikuwa mafanikio ya kweli ya walimu wa Tanzania. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba mtoto wa Tanzania alipimwa kwa Kiswahili, lugha anayofundishiwa na ambayo wengi huisikia kila siku, ilhali mwenzake wa Zambia alipimwa kwa Kiingereza, na wengi wa Afrika Kusini hali kadhalika. Kulinganisha nchi bila kutazama jambo hilo ni kujidanganya.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti katika shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania. Shule za kundi moja zilipewa nyongeza ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili, walimu waliahidiwa zawadi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Baada ya miaka miwili, nyongeza ya fedha peke yake haikuinua kiwango cha wanafunzi. Waliosonga mbele kwa dhahiri ni wale wa shule zilizopata fedha pamoja na walimu wenye sababu ya kujitahidi zaidi. Maana yake si kwamba fedha hazina kazi. Maana yake ni kwamba vitabu na chaki havijifundishi vyenyewe.

Tena, mwalimu kuwamo katika orodha ya mishahara si sawa na mwalimu kuwamo darasani. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014, uliofanywa kwa kuzitembelea shule bila kutoa taarifa, ulikuta karibu nusu ya walimu hawamo madarasani mwao, ingawa wengi wao walikuwapo shuleni. Jambo hilo halipendezi kulisikia, na walimu wanaosoma ukurasa huu hawana budi kulitafakari. Lakini haki inataka swali la pili liulizwe pia. Mwalimu wa bondeni anayefundisha madarasa mawili kwa zamu, anayesafiri kufuatilia barua yake ya kupandishwa daraja na kulala njiani kwa gharama yake, ameachiwa nafasi gani ya kuwa darasani siku zote?

Kwa sababu hizo, asilimia ya waliofaulu ni kipimo dhaifu cha kulinganisha mikoa. Mwaka 2012, waliofaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi walikuwa karibu asilimia 31. Mwaka 2019 walifikia asilimia 81.5. Haiwezekani kwamba akili za watoto wa nchi hii ziligeuka kiasi hicho kwa miaka saba tu. Mengi hutegemea namna mtihani unavyotungwa na unavyosahihishwa. Isitoshe, asilimia hiyo huwahesabu wale waliofika katika chumba cha mtihani. Mtoto aliyeacha shule darasa la tano akabaki kuamia ndege shambani au kuchunga ng'ombe hamo katika hesabu hiyo, na wilaya inaweza kupanda katika safu kwa sababu ya watoto wake dhaifu kutoweka. Baraza la Mitihani lilifanya jambo la busara Januari 2023 lilipoacha kutangaza orodha ya shule bora. Mazoea hayo hayana budi kukoma pia katika ofisi za mikoa na wilaya.

Taifa hili halikuanza jana kulishughulikia tatizo la mikoa kutolingana. Wakoloni na wamisionari waliacha shule nyingi kule kulikokuwa na kahawa na misheni za zamani. Rungwe, ambako Wamoravian walianza kazi mwaka 1891, na Kilimanjaro zilitangulia mbali, na sehemu za mabondeni zikaachwa nyuma. Baada ya Uhuru uliwekwa utaratibu wa kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ili watoto wa sehemu zilizosahauliwa nao wapate njia. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote itekelezwe ifikapo mwaka 1977, badala ya kungojea hadi mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa.

Uamuzi wa Musoma ulileta watoto shuleni kwa wingi usiopata kuonekana, nao ulihitaji walimu upesi. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafunzwa ualimu huku wakifundisha katika maeneo yao. Wako waliowadharau, na ni kweli kwamba mafunzo yao yalikuwa mafupi na elimu ilidhoofika kwa ajili hiyo. Lakini walikuwa na sifa moja ambayo leo inatafutwa kwa taa: walikuwa wenyeji. Hawakuiona kazi ya kijijini kuwa adhabu, wala hawakuanza kuandika barua ya uhamisho wiki ya kwanza. Funzo lililo hapo si kurudisha mafunzo mafupi. Ni kuwachukua vijana wa bondeni wenye ufaulu mzuri, kuwasomesha sawasawa katika vyuo kama Mpuguso, kisha kuwapangia kazi kwao.

Wimbi lililofuata lilikuwa la MMEM. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Ruzuku ya shilingi 10,000 ilipobuniwa wakati huo, ilikuwa inalingana na dola 10 hivi za Marekani. Mwaka 2024, dola moja ilipozidi shilingi 2,500, fedha hiyo hiyo haikutimiza hata dola 4. Kiwango kisichofuata bei za soko hupungua kila mwaka bila waraka wowote kuandikwa. Na mwenye kuumia kwanza ni mzazi wa kijijini, ambaye shule yake haina wafadhili wala wazazi matajiri wa kuziba pengo.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza ni mgawanyo wa walimu. Kila ajira mpya inapotoka, shule zenye uhaba mkubwa zaidi zijazwe kwanza, na hesabu ya walimu wa kila shule ibandikwe wazi katika ofisi ya kata ili wananchi waione. Wala lawama isitupwe kwa Serikali Kuu pekee. Ndani ya halmashauri moja huwa kuna shule za kando ya barabara zenye walimu wa ziada, na shule za mbali ambako mwalimu mkuu hufundisha karibu kila somo. Kusawazisha hapo hakuhitaji fedha za kigeni. Kunahitaji mkurugenzi na ofisa elimu wenye msimamo, wasiotikiswa na vikaratasi vya kuombea ndugu na jamaa.

La pili ni maslahi ya anayekubali kwenda mbali. Kenya huwalipa walimu wa sehemu kame posho ya mazingira magumu. Uganda ilianzisha posho kwa watumishi wa sehemu zisizofikika kwa urahisi, na Zambia, ambayo mtu huvuka tu mpaka wa Tunduma akaikuta, hulipa posho ya aina hiyo vijijini. Ni kweli posho peke yake haitoshi. Baada ya mauaji ya Mandera mwaka 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine waliikimbia kaskazini-mashariki ya Kenya, na posho haikuwazuia. Shule zikabaki na majengo na ruzuku bila walimu. Kamsamba haina hatari ya namna hiyo. Ina joto, umbali na uhaba wa nyumba. Hayo yanatibika. Nyumba ya mwalimu yenye maji na umeme wa jua itamtuliza mtumishi kuliko hotuba kumi za kumhimiza awe mzalendo.

La tatu ni kipimo. Maofisa elimu wasingojee mtihani wa mwisho. Wahesabu ni watoto wangapi wa darasa la pili na la tatu wanaosoma hadithi fupi ya Kiswahili na kuielewa, na matokeo hayo yawekwe mezani pamoja na ikama ya walimu wa shule ile ile. Hapo ndipo shule ya bondeni itakapolinganishwa kwa haki na shule ya mjini. Hapo pia ndipo itakapojulikana ni mwalimu gani anayefanya kazi kubwa katika hali ngumu bila kupongezwa na mtu.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Ni uamuzi mkubwa, wa daraja la ule wa Musoma. Lakini miaka 10 ya kukaa katika darasa lisilo na mwalimu ni miaka 10 ya kungoja. Wenye dhamana ya kugawa walimu, kuanzia TAMISEMI hadi halmashauri, wanao wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto wa Kamsamba hatafika mwisho wa miaka hiyo akiwa amepata kila alichoandikiwa katika jedwali la bajeti, isipokuwa mtu wa kumfundisha.